Fats Waller: Mtoto wa mhubiri aliyepeleka jazi kwenye kinanda cha kanisa

Wasikilizaji wetu wengi mnaoimba kwaya mnalijua swali hili. Kijana amefundishwa kinanda kanisani, kidole kwa kidole, na wazazi wanamtegemea kila ibada. Siku moja anasikika ukumbini Jumamosi usiku akipigia watu dansi. Je, Jumapili asubuhi apewe kiti chake cha kinanda au akae nyuma? Nyumba nyingi zimegombana juu ya jambo hili, na makanisa mengine yamegawanyika.

Leo tunawaletea maisha ya kijana wa Marekani aliyelibeba swali hilo tangu utotoni hadi kaburini. Jina lake ni Thomas Wright Waller, lakini dunia inamjua kwa jina la utani la Fats, kama sisi tunavyomwita mtu Bonge. Alikuwa mpiga piano, mpiga kinanda na mtunzi. Tutakaa zaidi kwenye ujana wake, maana hapo ndipo kila kitu kilipoanzia.

Kwanza tuweke neno moja sawa. Hapa kwetu ukitaja jazi, wazee wanakumbuka Morogoro Jazz au Western Jazz. Bendi hizo zilichukua jina hilo, lakini zilipiga dansi la magitaa. Jazi tunayoizungumzia leo ni muziki wa Wamarekani weusi ulioibuka mwanzoni mwa karne iliyopita. Ndani yake piano, tarumbeta na klarineti hucheza wimbo, na kila mpigaji ana ruhusa ya kuugeuza wimbo huo papo hapo kadiri moyo unavyomtuma.

Nyumbani kwa mhubiri

Waller alizaliwa tarehe 21 Mei 1904 katika jiji la New York. Wazazi wake, Edward na Adeline, walikuwa wametoka jimbo la Virginia, kusini mwa Marekani, kama familia nyingi za watu weusi waliohamia kaskazini kutafuta kazi na maisha yenye heshima zaidi. Walizaa watoto 11, na watano tu ndio waliovuka utoto.

Baba alikuwa Mbaptisti mwenye msimamo mkali, mtu wa kusimama barabarani na kuhubiri. Mama alikuwa na sauti nzuri na alijua piano na kinanda. Thomas alianza kugusa piano akiwa na umri wa miaka sita hivi. Alipofika miaka kumi alikuwa akipiga kinanda katika ibada za baba yake. Mikutano ya hadhara ilipofanyika mtaani, mtoto alikaa kwenye kinanda kidogo cha kukanyaga kwa miguu na kuongoza nyimbo huku baba akiwaita watu watubu.

Kwa hiyo muziki wenyewe haukuwa na ubishi nyumbani kwao. Mzozo ulihusu muziki upi. Mzee Waller aliamini kwamba miziki ya kumbi na baa ni kazi ya shetani, na alitaka mwanawe aje kuwa mtumishi wa Mungu au mpiga piano wa muziki wa kale wa Ulaya. Inasimuliwa kwamba alimpeleka mtoto katika ukumbi maarufu wa Carnegie Hall kumsikiliza Paderewski, mpiga piano mkubwa wa Poland, akitumaini kwamba heshima ya ukumbi ule itamvuta.

Ilimvuta kweli. Waller aliupenda muziki wa Bach maisha yake yote. Lakini masikio yake yalikuwa wazi pande zote mbili, na huko Harlem, mtaa wa watu weusi ambako familia yake iliishi, kila kona ilikuwa na piano.

Kinanda cha sinema

Miaka ile sinema hazikuwa na sauti. Picha zilitembea kimya kwenye pazia, na mpiga kinanda alikaa chini akizipa uhai. Mwizi akikimbia, kinanda kinakimbia naye. Wapenzi wakiagana, kinanda kinalia. Hapakuwa na muda wa kusoma nota. Mpigaji alitazama picha na vidole vikafuata.

Katika ukumbi wa Lincoln Theatre, Harlem, palikuwa na kinanda kikubwa cha mabomba. Waller alikuwa akienda pale akiwa mvulana, anakaa karibu na wanamuziki, anatazama mikono yao. Kidogo kidogo wakamruhusu kujaribu. Aliacha shule ya sekondari mapema, na akiwa na umri wa miaka 15 hivi tayari alikuwa mpiga kinanda wa ukumbi ule kwa mshahara.

Tafakari hapo kidogo, msikilizaji. Kijana wa miaka 15 anakaa peke yake mbele ya mashine yenye safu za vibonye vya mikono, kanyagio za miguu na mabomba marefu ukutani, na ukumbi mzima unamtegemea. Elimu ya kanisani ilimpa nguvu ya kukiendesha chombo. Sinema ilimfundisha kubuni bila kusita na kuwachekesha watu kwa sauti tu, bila neno. Vyote viwili utavisikia katika kila alichorekodi baadaye.

Miongoni mwa waliokuja kumtazama pale ni kijana mwingine aliyezaliwa mwaka uleule wa 1904, William Basie. Alikaa chini karibu na kanyagio, akitazama miguu ya Waller inavyokwenda, mpaka Waller akamfundisha. Kijana huyo baadaye alijulikana kama Count Basie, mmoja wa viongozi wakubwa kabisa wa bendi nchini Marekani.

Msiba, na karatasi yenye matundu

Mwezi Novemba 1920 mama yake alifariki. Waller alikuwa na miaka 16. Mama ndiye aliyekuwa daraja kati yake na baba, na daraja lilipovunjika, kijana aliondoka nyumbani. Alipokelewa na familia ya rafiki yake, mpiga piano Russell Brooks.

Ndani ya nyumba ile kulikuwa na piano ya kujiendesha. Tueleze kidogo, maana vyombo hivi ni adimu siku hizi. Ndani yake huwekwa karatasi ndefu iliyoviringishwa, yenye matundu madogomadogo. Kila tundu ni kidole cha mpigaji. Ukikanyaga chini, karatasi inazunguka, hewa inapita kwenye matundu, na vibonye vya piano vinashuka vyenyewe kana kwamba jini amekaa kitini. Kabla santuri hazijawa na sauti safi, hivi ndivyo mpiga piano wa mjini alivyoweza kusikika sebuleni kwa mtu wa mbali.

Karatasi moja iliyopendwa sana Harlem ilikuwa ya James P. Johnson, wimbo wake uitwao Carolina Shout. Vijana walikuwa na ujanja wao: wanakanyaga polepole ili karatasi itembee taratibu, kisha wanaweka vidole juu ya vibonye vinavyoshuka, wanafuata nyayo za bwana mkubwa. Waller alijifunza wimbo ule kwa njia hiyo.

Halafu Brooks akampeleka kwa Johnson mwenyewe. Johnson alikuwa amemzidi miaka kumi, na alikuwa ndiye mfalme wa piano Harlem. Aliona mara moja kipaji kilichopo, akaona pia kasoro: kijana alipiga piano kama kinanda, vidole laini, mkono wa kushoto hauna nguvu. Akamchukua kuwa mwanafunzi. Kijana alishinda kwenye piano ya nyumba ile mpaka usiku wa manane, na mke wa Johnson, Lillie, akawa kama mama mlezi.

Mkono wa kushoto na karamu za kodi

Alichofundishwa na Johnson ni mtindo wa mkono wa kushoto unaoruka. Mkono huo unapiga besi chini kabisa, unaruka hadi katikati ya piano kupiga sauti kadhaa kwa pamoja, unarudi chini, unaruka tena, bila kukosa hata pigo moja. Ni ngoma na gitaa la besi kwa pamoja. Mkono wa kulia unabaki huru kuimba na kufanya vituko. Mtu mmoja anakuwa bendi nzima.

Mtindo huu ulikua kwa sababu ya shida. Kodi za nyumba Harlem zilikuwa juu na mishahara ya watu weusi ilikuwa midogo. Mpangaji akikaribia kufukuzwa, aliandaa karamu: fanicha zinasogezwa, mlangoni kuna kiingilio kidogo, jikoni kuna samaki na nyama ya kuuza, na pombe ya kificho, maana kuanzia mwaka 1920 pombe ilipigwa marufuku Marekani. Kulipokucha, kodi imepatikana. Ni ndugu wa michango tunayoijua sisi, tofauti ni kwamba wao waliicheza.

Kilichowavuta watu ni mpiga piano. Wakikutana wapigaji wawili au watatu, yanakuwa mashindano hadi asubuhi. Pale Waller alisuguana na Johnson mwenyewe na Willie Smith, aliyeitwa Simba. Mnyonge hakukaa kitini muda mrefu. Waller alikaa, tena akiwa kijana kuliko wao, anakula, anakunywa, anatania huku mikono haikosei.

Santuri za kwanza

Oktoba 1922, akiwa na miaka 18, kampuni ya Okeh ilimwita kurekodi piano peke yake. Zikatoka nyimbo mbili, Muscle Shoals Blues na Birmingham Blues. Muda si mrefu alirekodi pia akimpigia mwimbaji Sara Martin. Mwaka 1923 alianza kutengeneza karatasi za matundu kama zile alizojifunzia.

Ukizisikiliza leo santuri zile za 1922, sauti ni nyembamba, kama mtu anapiga piano chumba cha pili. Kosa si lake. Wakati huo hapakuwa na kipaza sauti studio. Mwanamuziki alipiga mbele ya pembe kubwa la bati, sauti ikatikisa sindano, sindano ikachora mfereji kwenye nta. Besi nzito ya mkono wa kushoto, ambayo ndiyo fahari yake, ilipotea njiani. Kwa hiyo Waller wa santuri za mwanzo ni nusu tu ya Waller waliyemjua watu wa Harlem.

Kutunga nako kulianza. Mchapishaji Clarence Williams alimsaidia kuuza nyimbo zake. Wildcat Blues ilirekodiwa mwaka 1923 na bendi ya Williams, ndani yake akiwemo Sidney Bechet, bingwa wa klarineti na saksofoni. Squeeze Me ilifuata, na imepigwa na wengi hadi leo.

Kanisa lililogeuzwa studio

Mwaka 1925 kampuni za santuri zilianza kutumia kipaza sauti cha umeme. Badiliko hilo lilifungua mlango ambao kabla yake haukuwezekana: kinanda kikubwa cha mabomba kingeweza kurekodiwa na kikasikika vizuri.

Kampuni ya Victor ilikuwa na makao yake Camden, jimbo la New Jersey, ng'ambo ya mto kutoka Philadelphia. Ilinunua jengo lililokuwa kanisa la Wabaptisti na kulifanya studio, kwa sababu sauti ilizunguka humo vizuri. Ndani kulikuwa na kinanda cha mabomba. Tarehe 17 Novemba 1926, Waller, mwenye miaka 22, aliingia humo na kurekodi St. Louis Blues, wimbo maarufu wa W. C. Handy, pamoja na wimbo wake mwenyewe, Lenox Avenue Blues, ulioitwa kwa jina la barabara kuu ya Harlem.

Muziki ambao baba aliukataa sasa ulipigwa kwenye kinanda cha mabomba, ndani ya kuta zilizojengwa kwa ajili ya Wabaptisti.

Ugumu wa kazi ile si mdogo. Piano ukiigonga, inajibu papo hapo, na ukiigonga kwa nguvu inapaza sauti. Kinanda cha mabomba hakiko hivyo. Unabonyeza, hewa inasafiri, ndipo bomba linatoa sauti, kwa kuchelewa kidogo. Ugonge kwa hasira au kwa upole, sauti ni ileile. Na haizimiki mpaka uinue kidole. Kwa nyimbo za ibada zinazokwenda taratibu hiyo si shida. Kwa jazi, ambayo uhai wake ni kuchezesha pigo, ni kama kumfundisha tembo kuruka kamba.

Waller aliliweza hilo kwa kuinua vidole. Alikata sauti mapema, akaacha nafasi ndogo za ukimya, na ukimya huo ndio uliochezesha pigo. Miguu ilitembea kwenye kanyagio kama besi, na mikono ilibadilisha aina za mabomba ili sauti moja iwe kama filimbi na nyingine kama tarumbeta. Ni ujuzi wa sinema ya kimya. Mwaka 1927 alirudi Camden mara kadhaa, akatoa nyimbo nyingi za kinanda peke yake, akampigia mwimbaji Alberta Hunter, na akapiga pamoja na bendi ya mpiga kornet Thomas Morris. Machi 1928, katika kundi la Louisiana Sugar Babes, mwalimu na mwanafunzi walikutana katika rekodi moja: Johnson kwenye piano, Waller kwenye kinanda.

Tarehe 1 Machi 1929 alirekodi Handful of Keys kwa piano peke yake. Hapo kipaza sauti kilikamata mkono wa kushoto wote. Alikuwa na miaka 24, na somo alilopewa na Johnson lilikuwa limekamilika.

Rafiki mwenye asili ya Bukini, na nyimbo zilizouzwa

Hapa hadithi inagusa bahari yetu ya Hindi. Mashairi ya nyimbo bora za Waller yaliandikwa na Andy Razaf. Jina lake kamili ni Andriamanantena Paul Razafinkarefo. Baba yake alikuwa wa ukoo wa kifalme wa Madagaska, Bukini ya wazee wa pwani, mpwa wa Malkia Ranavalona wa Tatu. Ufaransa ilipovamia kisiwa hicho mwaka 1895, baba aliuawa. Mama, Mmarekani mweusi, alikimbia akiwa mjamzito, na mtoto akazaliwa Washington mwaka uleule. Babu mzaa mama alikuwa balozi mdogo wa Marekani kule Madagaska, na kwa bahati tu naye aliitwa Waller, ingawa hawakuwa ndugu na Fats.

Wawili hawa walitunga kwa kasi. Mwaka 1929 onyesho lao la Hot Chocolates lilitoka klabu moja ya Harlem hadi Broadway, ambako Louis Armstrong aliupaisha wimbo wao Ain't Misbehavin'.

Lakini mfukoni palikuwa pakavu. Waller alioa mapema, akaachana na mke wa kwanza, Edith, na mahakama ikamdai matunzo ya mke na mtoto. Hakulipa kwa wakati, akafungwa. Alipenda kula, kunywa na kukirimu, na pesa hazikukaa. Inasimuliwa kwamba mwaka huohuo wa 1929 aliuza haki zake katika nyimbo 19 hivi kwa mchapishaji kwa dola 500 tu, Ain't Misbehavin' ikiwa mojawapo.

Kwa wanamuziki wanaotusikiliza, jambo hili linahitaji maelezo. Mtunzi akibaki na haki, kila wimbo unapopigwa, kuchapishwa au kurekodiwa upya, analipwa kidogo, na kidogo hicho huendelea kuja hata baada ya kifo, kwa watoto wake. Akiuza haki yote kwa mkupuo, analipwa mara moja na basi. Dola 500 zilitatua shida ya mwezi ule. Wimbo uliouzwa unapigwa hadi leo, na mwaka 1978 jina lake lilibandikwa kwenye onyesho zima la Broadway lililojaa muziki wa Waller. Msanii wa kijijini anayeletewa karatasi asaini ili apewe pesa za haraka, asomewe kwanza kilichoandikwa na mtu asiye na faida ndani yake.

Redio, umaarufu na safari ya mwisho

Miaka ya 1930 ilimfanya nyota. Redio ilimchukua, Cincinnati na pia New York, na ucheshi wake ukaingia majumbani. Kuanzia 1934 alirekodi mamia ya nyimbo na kundi lake dogo, akiimba na kutania juu ya maneno ya wimbo uleule anaouimba. Wengi walimjua kama mchekeshaji, na jambo hilo lilikuwa na uchungu wake: waliomlipa walitaka vichekesho, yeye alitamani wasikie kinanda.

Agosti 1938 akiwa London alipata nafasi. Kwenye studio za Abbey Road kulikuwa na kinanda kikubwa, na humo alirekodi nyimbo za kiroho za Wamarekani weusi, kama Go Down Moses na Deep River, zile ambazo mtoto wa mhubiri alizijua kabla ya kujua jazi.

Desemba 1943, akitoka California kwa treni katika baridi kali, aliugua nimonia. Tarehe 15, treni ilipofika Kansas City, alikutwa amefariki kitandani. Alikuwa na miaka 39. Mazishi yake yalifanyika katika kanisa la Abyssinian Baptist, Harlem, na watu waliofurika walihesabiwa kwa maelfu. Kanisa la Wabaptisti lilimpokea akiwa na jazi yake yote.

Ukitaka kumsikiliza

Rekodi hizi zinapatikana kwenye intaneti, na nyingi hazizidi dakika tatu na nusu, kwa hiyo bando dogo linatosha. Anza na Muscle Shoals Blues ya 1922, uvumilie mkwaruzo. Kisha sikiliza Handful of Keys ya 1929, ufuate mkono wa kushoto peke yake mpaka mwisho. Halafu St. Louis Blues ya 1926 kwenye kinanda: sikiliza pale anapoinua vidole. Malizia na Deep River ya London. Kama una mpiga kinanda wa kwaya karibu nawe, mpelekee simu asikilize pia, halafu mwulize yule kijana wa Jumamosi usiku akae wapi.